Mcheza kwao hutunzwa, wetu mbona hawatunzwi?

Wahenga wetu wa Pwani walinena, Mcheza kwao hutunzwa. Neno hili limetoka ngomani. Mchezaji akiingia uwanjani kwao, mbele ya jamaa na majirani, akacheza akapendeza, hapana budi wenyeji wainuke: huyu ampe noti, yule amtupie kanga, mwengine ampigie vigelegele. Asipotunzwa, mara ya pili hatacheza vile. Mara ya tatu utasikia anacheza mji wa pili. Ngoma hufa namna hiyo, na wachezaji wako tele.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya swali ambalo kila mwaka huulizwa barazani kwetu Mombasa, na sina shaka huulizwa Kisumu, Kakamega, Nakuru na kila penye Mkenya na redio yake. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ina vijana hodari. Mbona haifiki mbali? Kahawa hunywewa ikaisha, kashata zikaisha, na jawabu lisipatikane. Mmoja atasema ni bahati mbaya. Wa pili atasema wachezaji wakishaonja fedha za Ulaya husahau bendera. Wa tatu atashusha sauti na kusema kuna mkono wa mtu.

Huyo wa tatu tumalizane naye mapema. Sisi wa Pwani tunasingiziwa mengi katika jambo hili, kwani toka zamani timu za bara zilidaiwa kuteremka kwetu usiku kutafuta waganga kabla ya mechi kubwa. Lau uganga ungefunga mabao, msomaji wangu, Kombe la Dunia lingekuwa limewekwa kabatini Mombasa kitambo. Hebu tulitazame jambo lenyewe kwa macho mawili, bila hirizi.

Vipaji tunavyo?

Kwanza tuhakikishe kama vipaji kweli tunavyo, isije ikawa tunalilia tusichokuwa nacho.

Wazee watakutajia Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, ambaye jina lake liligeuka msemo nchini kote, "Kadenge na mpira", kwa utangazaji wa marehemu Leonard Mambo Mbotela, mwana wa Mombasa. Sisi wa huku tutakutajia Mahmoud Abbas, kipa aliyepewa jina la Kenya One, na tutakukumbusha kwamba Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965.

Vijana wa leo nao wana yao ya kusema. Dennis Oliech alicheza Ufaransa miaka na miaka. McDonald Mariga alikuwa Inter Milan mwaka 2010, klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Mdogo wake, Victor Wanyama, aliifunga Barcelona kwa kichwa mwezi wa Novemba 2012 akiwa na Celtic ya Scotland, kisha akenda Southampton na Tottenham, akawa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani mwaka 2020, akawa mfungaji bora na akateuliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Kisha yupo Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth Origi, alivaa jezi ya Harambee Stars. Alikwenda Ubelgiji kucheza mpira, na mwanawe akazaliwa huko, katika mji wa Ostend. Mwaka 2014 kijana huyo alifunga bao katika Kombe la Dunia kule Brazil, akiwa amevaa jezi ya Ubelgiji. Mwaka 2019 akaifungia Liverpool katika fainali ya ubingwa wa Ulaya. Simlaumu hata chembe. Mtu huchezea alikolelewa. Ninalosema ni kwamba uwezo wa kufunga bao katika Kombe la Dunia umo katika damu zetu. Kuhusu vipaji, basi, shahada tunayo.

Sasa tazama daftari la timu yenyewe. Kombe la Mataifa ya Afrika tumelifikia mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Mara zote sita tulirudi nyumbani baada ya duru ya makundi. Katika fainali zote hizo tumeshinda mechi mbili tu, moja dhidi ya Burkina Faso mwaka 2004, mabao 3-0, na nyingine dhidi ya ndugu zetu wa Tanzania mwaka 2019, mabao 3-2. Kombe la Dunia la wanaume hatujapata kulikanyaga.

Zamani zile

Wako watakaosema kwamba Mkenya hakuumbwa kwa kandanda, aliumbwa kwa kukimbia. Maneno hayo hayana msingi. Mwaka 1981 Harambee Stars walichukua Kombe la CECAFA kule Dar es Salaam. Mwaka 1982 wakalichukua tena Kampala. Mwaka 1983 wakalichukua nyumbani Nairobi. Mara tatu mfululizo, chini ya kocha Mkenya, Marshall Mulwa, na golini alikuwako Mahmoud Abbas wetu.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana mdogo, na nakumbuka jinsi watu walivyojazana penye redio katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mwaka huo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya, na timu yetu chini ya Mjerumani Reinhard Fabisch ilifika fainali, ikafungwa na Misri bao 1-0. Kabla mwaka haujaisha, Gor Mahia wakachukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia: sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, na kombe likabaki kwetu kwa mabao ya ugenini. Watu waliolala njaa usiku ule walilala wanacheka.

Walikuwa na nini wale ambacho hawa hawana? Mguu ni ule ule. Nionavyo mimi, walikuwa na mambo mawili. La kwanza, mchezaji wa siku zile alikuwa na kazi. Mashirika kama posta, bandari na viwanda vya bia yalikuwa na timu zao, na kijana aliyejua mpira aliajiriwa, akalipwa mshahara mwisho wa mwezi, akafanya mazoezi jioni. Hakuwa tajiri, lakini alijua mkewe atapika nini. La pili, walijuana. Walikutana kila wiki katika ligi moja, wakalala kambi moja, hata mlinzi alijua bila kutazama mwenzake amesimama wapi.

Miaka ya tisini mashirika yale yakaanza kuanguka au kubana matumizi, na timu zao zikaanguka nayo. Msingi ule haukujengwa mwengine badala yake. Kijana akimaliza shule ya sekondari, ambako kandanda yetu bado ni moto, hujikuta mbele ya pengo. Mwenye bahati huvuka kwenda ng'ambo, na tangu zamani baadhi yao walivuka kwenda Oman na nchi za Ghuba. Asiye na bahati huendesha bodaboda.

Kisa cha Cape Verde

Hapa nitaleta kisa kimoja, na ninaomba msomaji anifuate polepole, maana naona humu ndimo jawabu lilimo.

Cape Verde ni visiwa katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika. Watu wake wote ni zaidi kidogo ya nusu milioni. Mombasa peke yake inawazidi. Mwaka 2003 walikuja Nairobi kucheza mechi ya mchujo ya Kombe la Afrika. Oliech, aliyekuwa bado kijana mbichi, akawafunga bao 1-0, na bao hilo ndilo lililotupeleka Tunisia mwaka 2004. Siku ile hapana aliyewafikiria tena wale watu wa visiwani. Walipanda ndege wakenda zao.

Mwezi wa Novemba 2015 tukakutana nao tena, safari hii katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2018. Nairobi tuliwafunga bao 1-0. Ikabaki mechi ya marudiano katika mji wao wa Praia, upande wa pili kabisa wa bara hili. Vijana wetu wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wilson, na huko wakakaa. Saa zikapita, huku mambo ya safari na posho yakivutwa huku na huku. Ndege ilipopaa, muda ulikuwa umekwisha kwenda. Walifika Praia siku ile ile ya mechi, saa chache kabla ya kipenga, miguu imevimba kwa kukaa. Wakafungwa mabao 2-0, na Kombe la Dunia likaishia pale.

Sasa sikia mwisho wake. Tarehe 13 Oktoba 2025, Cape Verde waliwafunga Eswatini mabao 3-0 palepale Praia, wakafuzu kwenda Kombe la Dunia la 2026.

Wale tuliowafunga mwaka 2003 wamefika, na sisi tuliowafunga tungali barazani tunaulizana. Je, katika miaka hiyo 22 Mwenyezi Mungu aliwaongezea wao vipaji akatupunguzia sisi? La hasha. Walifanya mambo ambayo hata mwenye duka la rejareja angeyafanya. Watoto wao waliozaliwa Ureno, Uholanzi na Ufaransa waliwatafuta mmoja mmoja, wakawakaribisha nyumbani wakawakalisha kitako. Na kocha wao, Bubista, mwana wa visiwa vile vile, aliyeshika kazi mwaka 2020, waliachana naye afanye kazi. Hakufukuzwa kila aliposhindwa.

Kila mwalimu na alifu yake

Sisi tuliolelewa chuoni tunajua jambo moja kuhusu kufundisha. Mtoto huanza na alifu, akenda kwenye herufi, akenda kwenye irabu, akaunganisha, kisha akaingia juzuu ya mwisho yenye sura fupi, ndipo apande. Utaratibu huo ni mmoja, Lamu hadi Vanga. Mtoto akihama chuo cha Kibokoni akenda cha Malindi, mwalimu mpya humuuliza, "Umefika wapi?" Humfungulia pale pale alipofika, wakaendelea. Kwa hiyo hata mwalimu akifa, mtoto huhitimu.

Timu yetu ya taifa haina "umefika wapi". Tangu mwaka huo wa 2020 alioanza Bubista, sisi tumekuwa na Francis Kimanzi, tukarudi kwa Jacob Mulee, tukenda kwa Mturuki Engin Firat, na mwezi wa Machi 2025 akaja Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Kila mmoja wao ana ujuzi wake, nami siwadharau. Lakini kila aingiapo mmoja, daftari la mwenzake hufungwa, na vijana hurudishwa kwenye alifu. Huyu anataka mpira wa chini, yule anataka mipira mirefu. Huyu humtaka mchezaji fulani, yule hamtaki hata kumwona. Mtoto aliyebadilishiwa walimu wanne katika miaka mitano, kila mmoja akimwanzisha upya, atahitimu lini?

Na kufukuza kwenyewe tunafukuza kwa hasara. Adel Amrouche alitupatia Kombe la CECAFA mwezi wa Desemba 2013. Mwezi wa Agosti 2014 aliachishwa kazi kabla mkataba wake haujaisha. Akaenda kushtaki FIFA, akashinda, na shirikisho letu likaamriwa kumlipa fidia kubwa. Fedha ambazo zingenunua mipira ya watoto wa nchi nzima zikawa za kumlipa mtu kwa kazi ambayo hakuachiwa aifanye. Miaka baadaye mtu huyo huyo akaifundisha Tanzania, akaifikisha katika Kombe la Afrika lililochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Sisi tulilitazama kombe hilo katika televisheni.

Manahodha wengi

Tulilitazama katika televisheni kwa sababu nyingine pia. Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliuvunja uongozi wa shirikisho la kandanda kwa tuhuma za ubadhirifu. Mwezi wa Februari 2022 FIFA nayo, ambayo haitaki serikali iingilie vyama vya mpira, ikaifungia Kenya. Kifungo kikaondolewa mwezi wa Novemba 2022, lakini mechi za mchujo zilikuwa zimekwisha kutupita. Na haikuwa mara ya kwanza. Tulifungiwa mwaka 2004, miezi michache tu baada ya ushindi ule wa Tunisia. Tukafungiwa tena mwaka 2006. Kuna wakati nchi ilikuwa na vyama viwili vya mpira, KFF na FKL, kila kimoja na mwenyekiti wake na muhuri wake.

Waswahili walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aliyepata kusafiri kwa jahazi anajua maana yake. Tanga laweza kuwa jipya, mbao za mvule, mabaharia wazima wenye nguvu. Lakini manahodha wakigombana juu ya usukani, upepo hauwasubiri. Na jahazi likipigwa na mawimbi, anayelowa ni baharia. Nahodha yumo shetrini.

Simtetei aliyetuhumiwa, wala simlaumu aliyemfukuza. Nawatazama vijana. Mchezaji ana miaka kumi ya kuchezea nchi, akibahatika. Mwaka mmoja wa kifungo ni sehemu moja ya kumi ya umri wake wa mpira, na hakuna korti itakayomrudishia.

Tazama pia suala la viwanja. Mwezi wa Juni 2024 timu ya Kenya ilicheza mechi zake za "nyumbani" katika mji wa Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hapakuwa na uwanja nchini uliokubaliwa. Mwezi wa Septemba ikacheza "nyumbani" Kampala. Rudi sasa kwenye methali yetu: mcheza kwao hutunzwa. Hawa hata huko kwao pa kuchezea hawakuwa napo! Na sisi wa Mombasa tusicheke wenzetu, kwani uwanja wetu wa manispaa ulibomolewa ili ujengwe upya, na miaka ikapita bila kukamilika, huku watoto wakicheza ufuoni maji yakitoka na kuondoka maji yakijaa.

Mara mbili tulipewa mashindano makubwa tukanyang'anywa. Kombe la Afrika la 1996 lilikuwa liwe kwetu. Likapelekwa Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakalitwaa. Mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yalikuwa yawe kwetu 2018. Yakapelekwa Morocco, na Morocco wakayatwaa. Sherehe mbili zilizokuwa zetu, na mara zote mbili aliyepewa badala yetu ndiye aliyeondoka na kombe.

Siku walipotunzwa

Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalikuja kwetu kweli, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Timu iliyoingia uwanjani ilikuwa ya vijana wa ligi ya hapa hapa. Hapana wa Ulaya, hapana wa Ghuba. Wajuzi walitabiri kwamba tutakuwa wa mwisho katika kundi lile. Vijana wakaifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa wamebaki wachezaji kumi, wakaifunga Zambia 1-0. Wakaongoza kundi. Morocco hao hao, tuliowafunga, ndio waliochukua kombe mwishoni. Sisi tulitolewa na Madagaska katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 1-1, na Kasarani nzima ikalia. Hata hivyo kilio kile hakikuwa cha aibu.

Ni nini kilichobadilika? Wengi watasema fedha, kwa kuwa Rais aliwaahidi shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila ushindi, na fedha zikatolewa. Sikatai. Kijana wa ligi yetu, ambaye mshahara wake ukija leo huchelewa kesho, akipewa ahadi kama ile ikatimizwa, hukimbia akasahau kuchoka. Lakini hebu niulize. Kama fedha peke yake ndizo dawa, mbona wiki chache baadaye, tarehe 5 Septemba 2025, Harambee Stars yenye wachezaji wa ng'ambo ilifungwa na Gambia 3-1 pale pale Kasarani, katika mchujo wa Kombe la Dunia? Walioko ng'ambo fedha wanazo.

Nami hapa nalitegemea neno la Kiswahili lenyewe. Kutunza kuna maana mbili. Moja ni kumpa mchezaji zawadi anapocheza vizuri, na hiyo wengine huiita kutuza. Nyingine ni kulea: kukitunza kitu kisiharibike, kama mtu anavyotunza mwana au mche wa mnazi. Mnazi hautunzwi siku ya kuangua madafu. Hutunzwa ungali mche, miaka kabla ya dafu la kwanza. Sisi tumekuwa hodari wa maana ile ya kwanza, tena siku za mashangwe tu, wakubwa wanaposhuka uwanjani na kamera. Maana ya pili tumeisahau.

Vijana wa CHAN walipata zote mbili kwa mara moja. Walikaa kambini pamoja wiki nyingi, wakala sahani moja, wakajuana kama walivyojuana wale wa 1983, kisha wakatuzwa. Wale wa mechi ya Gambia walikusanywa kutoka viwanja vya ndege mbalimbali, siku chache kabla ya mechi. Shairi haliwi shairi kwa kuokota mishororo mizuri ya washairi kumi na mmoja ukaipanga pamoja; vina vitagongana na mizani itapotea, ingawa kila mshororo peke yake ni tamu.

Ushahidi mwengine wametuletea mabinti zetu. Mwezi wa Oktoba 2024 timu ya wasichana walio chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia la umri wao katika Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza kabisa ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia la aina yoyote. Walifungwa na Uingereza na Korea ya Kaskazini, lakini waliifunga Mexico 2-1. Mabinti wa shule hao, ambao barazani kwetu hapakuwa na aliyejua majina yao. Kile ambacho wanaume wamekikosa tangu uhuru, wao wamekipata kabla hawajatimiza miaka kumi na minane.

La kufanya

Mwezi wa Septemba 2023 iliamuliwa kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 lichezwe Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenyeji hualika wageni, na mgeni akija hutazama mambo mawili, nyumba na watoto wa nyumba. Naona juhudi nyingi zimewekwa katika nyumba: saruji, viti, taa na nyasi. Ni vyema. Lakini ni nani anayewatazama watoto wa nyumba?

Mimi si kocha, ni mtu wa kalamu, na nitasema matatu tu. La kwanza, posho na tikiti za timu zilipwe kabla ya safari, liwe jambo la sheria, ili kisa cha Wilson kisisikike tena. Kijana asiombe haki yake akiwa amekalia mkoba wake uwanja wa ndege. La pili, pawe na mafundisho mamoja ya mpira toka timu za watoto hadi timu kubwa, na kocha ajaye aambiwe, "Wamefika hapa, endelea hapa." Kocha naye apewe muda wa kufundisha na kukosea. La tatu, kila mji uachiwe kiwanja chake kimoja kisichouzwa, kisichojengwa, kisichopangishwa mikutano ya siasa kila wiki. Kadenge na Mahmoud Abbas waliokotwa viwanjani kama hivyo, hawakuokotwa ofisini.

Na sisi watazamaji tuna letu. Tumezoea kumwimba mchezaji siku ya ushindi na kumtukana siku ya pili yake. Tumezoea pia, likitajwa jina la mchezaji, kuuliza ni wa kabila gani kabla ya kuuliza anacheza namba gani. Timu inayochaguliwa kwa macho hayo haiwezi kuwa ya taifa, hata ikivaa rangi zote za bendera.

Kila jioni, mahali fulani katika nchi hii, yuko mtoto anayempita mwenzake kwa chenga ambayo hakufundishwa na mtu. Leo ana miaka tisa au kumi. Hajui habari za FIFA wala za vyama, wala hajui kwamba waliomtangulia waliwekwa Wilson kutwa nzima. Anachojua ni kwamba mpira unamtii. Atakapofika miaka ishirini, ama atakuwa amevaa jezi yetu, ama jezi ya watu wengine, ama atakuwa barazani pamoja nasi, akinywa kahawa na kuuliza swali lile lile. Lipi kati ya hayo litakuwa lake, yeye hana uwezo wa kulichagua. Wenye ngoma ni sisi, na wakati wa kumtunza ni sasa, angali mche.